Namba Nne Yupo

Hospitali nzima ilimwita Tatu, na wengi walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Halikuwa. Jina hilo aliliokota porini, akaenda nalo chuoni, na lilipomfuata hadi kwenye maabara ya hospitali ya mji hakulipinga. Ukimwuliza asili yake angecheka na kusema ni habari ndefu. Enzi hizo bado alikuwa mwepesi wa kucheka.

Habari yenyewe wala si ndefu. Alikuwa na kaka mmoja, aliyemzidi umri wa kutosha kumkanya alipokuwa mdogo na kumsomesha alipokua. Kazi ya kaka huyo ilikuwa kusimamia vibarua wa barabara, na sauti ya kazini alirudi nayo nyumbani; hata akiomba chumvi mezani ulijikuta umekaa wima. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nyumba. Marafiki walimbandika jina la Nyapara, naye akajitia hamnazo, lakini lilimkaa sawasawa. Kitu kimoja tu kilimlainisha: kutembea mwituni. Likizo ikifika, wenzake wakijinyoosha vitandani, yeye alikuwa ameshatia mkoba mgongoni akaenda kutafuta mlima ambao hakuna aliyemtuma kuupanda.

Mdogo wake alipoanza chuo cha maabara aliomba naye aende. Mama alikuja juu, akataka kuambiwa ni msichana gani huyo wa kulala vichakani. Nyapara akamjibu kwamba maadamu yupo yeye, hakuna litakaloharibika, na mama, ambaye alishazoea kuona mwanawe akisema jambo linakuwa, akanyamaza. Hivyo ndivyo miaka ya chuo ilivyokwenda. Walipanda mlima wa majivu ambao ukipiga hatua unarudishwa nusu yake. Walilala kwenye darasa la shule iliyofungwa, madawati wameyaunganisha kuwa kitanda, popo wakiwapitia juu ya pua. Walizunguka ziwa lililojificha ndani ya shimo la mlima, maji meusi yasiyo na samaki wala ndege, na hakuna kati yao aliyetaka kunawa humo, ingawa hakuna aliyesema kwa nini. Safari moja walikunywa chai yenye ladha ya mafuta ya taa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu chupa ya jiko ilivujia kwenye sukari. Akirudi bwenini kucha zimekatika na shingo imebabuka, wenzake walimwonea huruma, naye akawaonea huruma wao.

Wa kudumu walikuwa watatu: Nyapara, yeye, na fundi umeme mmoja aliyesoma na Nyapara shule ya msingi, ambaye kila mtu alimwita Umeme. Huyu alikuwa mfupi, mcheshi, na mwoga kuliko wote, na woga wake ulitoka kwa njia ya utani. Ruba wakimng'ata miguuni alisema, "Waache, dada, wanachukua sampuli tu, majibu watakuletea wewe."

Wengine walikuja na kuondoka. Mmoja wao, mwanafunzi aliyesoma na Tatu chuoni, walimpoteza ndani ya msitu wa mianzi. Alikuwa ametoka kidogo kwenye mstari kwa haja ndogo, basi, na mianzi ikajifunga nyuma yake. Walimpata jioni ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja mguuni, midomo imepauka, na hakuweza kueleza kile kingine kilikwenda wapi. Hakutembea nao tena. Hata chuoni, akiwaona, alivuka upande wa pili wa ua.

Tangu siku hiyo Nyapara akaweka sheria ya kuhesabiana. Kila mtu alikuwa na namba yake kwa nafasi yake kwenye mstari. Njia ikipinda, au ukungu ukishuka, au macho yakishindwa kumfikia aliye nyuma, Nyapara alipaza sauti, "Moja!" Umeme akaitika, "Mbili!" Na mdogo wake, "Tatu!" Akiwepo wa nne au wa tano waliendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Nyapara hakugeuka kutazama. Alisema ukigeuka mlimani unateleza, na kwamba masikio yanamtosha. Namba ikikosekana, wote walisimama, wakatua mizigo na kurudi nyuma pamoja mpaka mtu apatikane. Aliyesababisha hivyo, safari iliyofuata alibaki nyumbani. Kwa Nyapara hapakuwa na rufaa.

Ilikuwa sheria nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu waliilaumu, na haikustahili lawama.

Kilichokuwa na kasoro kilikuwa kitu kingine, nacho kilikuwa kidogo, cha kuchekesha. Tatu alijaliwa sauti. Si ya kuimba, ya kuiga. Chuoni mwalimu akiita majina, yeye aliitika la kwake, kisha akainama chini ya dawati na kuitika la rafiki yake aliyelala bwenini, kisha la mwingine aliyekwenda mjini, kila moja kwa sauti yake, na darasa zima likiumana midomo kwa kucheka. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuweza tu kuvumilia kimya kile kinachokuja baada ya mtu kuitwa na asiitike. Kilimkera kama bomba linalovuja, ilimlazimu akifunge.

Alipomaliza chuo alipata kazi hospitalini. Maabara yao ilikuwa chumba kirefu nyuma ya wodi ya wanaume, dirisha moja linalofunguka na jingine lililogandishwa na rangi, darubini mbili, na harufu ya spiriti iliyoingia hadi kwenye nywele. Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba cha kushonea. Humo aliketi fundi mmoja na cherehani ya miguu, akitia viraka mashuka, akipinda magauni ya upasuaji, akipunguza sare za wauguzi walionunua kubwa. Tatu alikwenda kupeleka koti lake jeupe lililochanika kwapani, akarudi kulichukua, akarudi tena na koti ambalo halikuchanika popote.

Fundi alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimwuliza swali, aliliweka kwanza mapajani kama kitambaa, akalipapasa, akalitazama pindo, ndipo akajibu. Jibu lake lilikuwa zuri lilipofika. Shida ni kwamba Tatu hakuwa mtu wa kulisubiri. Kwenye mkutano wa wafanyakazi muuguzi mkuu akiuliza kama chumba cha kushonea wana la kusema, Tatu alikuwa ameshasema uzi mweupe umekwisha. Siku alipompeleka kwao kumjulisha kwa mama ilikuwa hivyo hivyo.

"Mwanangu, unatumia sukari?" mama alimwuliza Fundi.

"Vijiko viwili, mama," Tatu akajibu.

"Na kwenu mmezaliwa wengi?"

"Wengi, na yeye ndiye kitinda mimba."

Mama akamtazama Fundi, akamtazama binti yake. "Huyu bwana ana ulimi, au umeushona?"

Wote wakacheka, Fundi naye. Alikuwa na namna yake ya kucheka, bila sauti, akitazama mikono yake.

Nyapara peke yake hakucheka. Baadaye, akiwa anampasia mdogo wake vyombo vya kuosha, alisema hana neno na tabia ya kijana, ila ni mtu wa kukaa kitini kutwa. "Siku mambo yakiwa magumu atambeba nani?" Tatu akamjibu kwamba haolewi kwa ajili ya kubebwa. Nyapara akatikisa kichwa. "Aje mlimani na sisi. Mlima mkubwa. Akiumaliza kwa miguu yake, nitakwenda kwa mama nimsemee mwenyewe. Asipoumaliza, mimi sitazuia, lakini msinitafute kusema neno." Katika nyumba ile, Nyapara kutosema neno kulitosha kuwa hapana, na Tatu alilijua hilo tangu utotoni.

Ndivyo Fundi alivyopewa namba nne.

Walianza na vilima vya karibu. Kupanda, Fundi hakuwa na tatizo. Alipanda polepole kama anavyofanya kila kitu, na alifika. Kushuka ndiko kulikomtoa jasho. Goti lake la kulia, lililokanyaga pedali miaka yote ile, lilivimba likakataa kukunjika. Alibaki nyuma. Nyapara mbele akapaza sauti, "Moja!" Umeme, "Mbili!" Yeye, "Tatu!" Kisha kikaja kimya kile. Tatu akageuza uso pembeni, akashusha sauti kifuani, akaitika kwa sauti ya Fundi yenyewe, nyembamba na ya upole, "Nne!" Msafara ukaendelea. Umeme aliyekuwa mbele yake aligeuka, akaona hakuna mtu nyuma, akamkonyeza. Kwake yalikuwa mambo ya wapendanao.

Jioni yake Fundi alimwambia, "Nimekusikia ukiniitikia."

"Ulikuwa mbali."

"Nilikuwa nakuja."

"Si umefika? Basi."

Fundi alifungua mdomo kuongeza kitu, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuzungumzia viatu.

Asubuhi ya safari yenyewe mawingu yalikuwa yamekalia mlima kama mtu aliyekalia kiti chake na hana mpango wa kuondoka. Getini walimkuta mlinzi wa msitu, mtu wa makamo mwenye mafua na koti jipya la mvua, akisikiliza redio isiyoshika stesheni. Aliwaambia kwamba juu imenyesha tangu juzi. Kwenda hawangekutana na mto, njia ya kupandia inauzunguka. Kurudi wangeuvuka. "Tazameni rangi," alisema, akipenga. "Ukiwa msafi, vukeni. Ukianza kuwa kama chai ya maziwa, kaeni mlipo. Na msikae mnabishana." Umeme alimwuliza kama kuna aliyewahi kubishana. Mlinzi akapunguza sauti ya redio, ambayo haikuwa ikisema kitu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupanda tu, na usiku walilala chini ya mwamba, wamebanana. Kesho yake kabla ya adhuhuri walifika kileleni. Fundi alifika wa mwisho, midomo imekuwa ya kijivu, soksi ya mguu wa kulia imelowa jasho, lakini alifika. Hapakuwa na cha kuona; ukungu pande zote, jiwe moja lililopakwa chokaa, na upepo uliovuma bila kusogeza kitu. Nyapara alimpa mkono. "Shemeji," alisema, na safari hiyo neno halikuwa na utani ndani yake. "Umebakiza kushuka tu."

Tatu alisimama kando yao kwa furaha. Alitamani wawe wameshafika nyumbani. Alimtazama Fundi akilikanda goti lake, akahesabu moyoni kilichobaki: msitu wa juu, mianzi, mto, kibanda cha mabati cha walinzi wa zamani, na hapo wangelala. Hatua za kushuka tupu.

Kufika kwenye msitu wa juu mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na kelele. Ndege walikuwa wamenyamaza. Udongo ulikuwa laini kama sabuni, na upande wa kushoto wa njia ardhi ilianguka moja kwa moja kwenye korongo lililojaa magugu, ambalo ulilijua lipo kwa sababu tu ukirusha kijiwe hukisikii kikitua. Umeme aliacha utani. Hilo peke yake lingetosha kumwonya mtu.

Kwenye gogo kubwa lililolala njiani, Fundi aliketi. Nyapara na Umeme walikuwa wameshapotelea ukunguni.

"Nipe mkoba," Tatu akamwambia.

"Nitaubeba."

"Nipe. Kaka akikuona unavyochechemea, kila kitu kimekwisha. Umebakiza kushuka tu, si umemsikia?"

Fundi alilitafakari hilo. Wakati analitafakari, mkoba ulikuwa umeshavuliwa mabegani mwake. Ndani yake kulikuwa na koti lake, tochi, filimbi na mkate. Tatu aliupachika juu ya wa kwake, akainama, akamgusa shavu. "Mimi niko mbele hapo hapo. Funga kamba za viatu, uje taratibu. Nyapara akiita usihangaike kupiga kelele, utaishiwa pumzi bure. Mimi nipo."

Akaenda.

Njia ilipinda. Kutoka chini ikaja sauti ya Nyapara, imefifia kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Moja!" Mbili ikaja. Akaitika tatu yake. Akasubiri kidogo, sikio nyuma. Akasikia kitu kama kokoto zikiporomoka, akaona ni Fundi anakuja. Akaitika nne.

Kwenye mianzi Nyapara akaita tena. Safari hii Tatu hakusubiri sana.

Mto waliukuta bado msafi. Ulikuwa mdogo, mawe ya kukanyagia yakionekana yote, lakini ulikuwa na sauti ambayo haikulingana na ukubwa wake, ngurumo iliyotoka mahali fulani juu, ndani ya ukungu. Nyapara na Umeme walivuka. Kwa desturi yao hakuna aliyeendelea kupanda ng'ambo mpaka hesabu ikamilike, kwa hiyo Nyapara akasimama huko, mgongo kwao, akaita. Tatu alikuwa juu ya jiwe la katikati. Aligeuka. Njia nyuma yake ilikuwa tupu hadi pale ukungu ulipoimeza. Alijua wazi kwamba hapo ndipo pa kusema. Pia aliwaza kwamba Fundi yuko kwenye kona ya mwisho, na kwamba akisema hayupo, Nyapara atageuka, atasimama mkono kiunoni, atamtazama mtu wa kukaa kitini akitokea anachechemea, mikono mitupu, mkoba umebebwa na mwanamke. Yote waliyopanda yangekuwa bure kwa sababu ya dakika chache.

"Tatu!" aliitika. Kisha akainamisha kichwa. "Nne!"

Wakaanza kupanda ng'ambo ya pili. Hawakuwa wamekwenda mbali wakati sauti ya mto ilipobadilika. Haikuongezeka; ilibadilika, kama gari linapobadilisha gia. Tatu alitupa mikoba yote miwili akateremka mbio, akianguka, akishika nyasi. Mawe hayakuwepo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na povu, na mti mzima wenye majani yake ulipita mbele yake ukiwa umesimama wima. Ng'ambo, njia ilikuwa tupu.

Alimwita. Hakuisikia hata sauti yake mwenyewe.

Juu, Nyapara alikuwa amesimama. "Moja!"

"Mbili!"

"Tatu," alisema, na ilibidi Umeme airudie kwa ajili yake ili ifike.

Kikaja kimya. Nyapara alisubiri. Kisha akafanya ambalo hawakuwahi kumwona akifanya katika miaka yote ile: aligeuka.

Alipofika chini hakupiga kelele. "Mara ya mwisho umemwona wapi?"

"Kwenye gogo."

"Gogo lipi? Tangu gogo tumehesabu mara tatu. Nimemsikia."

Umeme alikuwa akitazama maji.

"Ni mimi," Tatu akasema. "Ni mimi, kaka. Zote."

Nyapara alimtazama muda mrefu, mvua ikimtiririka puani, kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu ni nani. Kisha alivua viatu akaingia mtoni, na mto ukamwangusha kwenye hatua ya kwanza. Umeme alimnasa kwa mkanda wa suruali. Alijaribu tena mahali pengine, mpaka giza likamtoa. Usiku ule waliumalizia kwenye kibanda cha mabati. Tatu aliukumbatia mkoba wa Fundi, akavihisi kwa nje vitu vilivyomo, koti, tochi, mkate, na kila alichokihisi kilikuwa kitu ambacho mtu wake hakuwa nacho.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepungua na ukungu umeondoka, anga safi kabisa, jua kana kwamba hakukutokea jambo. Walivuka na kupanda, Nyapara mbele, mara hii akitazama kila upande. Walimkuta karibu mno na gogo. Ukingo wa njia ulikuwa umekatika, naye alikuwa chini yake, amenaswa kwenye magugu ya korongo, si mbali, mahali ambapo mtu akiita kwa sauti ya kawaida angesikika njiani. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa vibaya na mfupa umetokeza. Baridi ilikuwa imemwingia mpaka akaacha kutetemeka. Umeme, ambaye hakujua mengi, alijua kwamba hilo si jema.

Fundi alifungua macho. "Kaka, umeamkaje," alimwambia Nyapara.

Nyapara alimbeba mgongoni. Alimbeba mpaka getini, na Umeme alipotaka kumpokea alimsukuma kwa bega. Njiani alimwuliza Fundi, bila kugeuza kichwa, "Shemeji, uliita?"

"Aliita, kaka," Tatu akasema kutoka nyuma. "Angeachaje kuita? Mto ndio uliomeza sauti."

Fundi alifumba macho, akalaza shavu kwenye shingo ya Nyapara.

Hospitalini walimpokea kama mtu wao, na alikuwa mtu wao. Shuka alilolazwa lilikuwa na kiraka chake. Jeraha lilikuwa limelala kwenye tope usiku kucha. Damu yake ililetwa maabara ndani ya kichupa kama vingine vyote, na Tatu ndiye aliyekuwa zamu. Mwenzake alitaka kuichukua, akakataa. Aliipaka kwenye kioo, akaikausha, akaitia rangi, akainama juu ya darubini. Alichokiona, vijidudu vya jeraha vimeshaingia kwenye damu, alikijua kabla ya daktari. Akakirudia kukitazama, akasafisha lenzi, akakitazama tena, kisha akaenda mwenyewe wodini kukisema kwa sababu miguu ya tarishi ilikuwa mizito siku hiyo.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Wiki zilizofuata Tatu aliishi kati ya maabara na wodi. Alimlisha, alimgeuza, aliwajibu wageni. Wakimwuliza Fundi anaendeleaje, Tatu alisema leo afadhali. Wakimwuliza kama analala, alisema usingizi bado unamsumbua. Daktari akimwuliza maumivu yako wapi, alionyesha yeye. Fundi aliwatazama wote kwa upole, mikono juu ya shuka. Watu walitoka wakisema mapenzi kama yale hayapo tena duniani.

Hata kosa lake Tatu alisamehewa. Nyapara hakulitaja. Alikuja kila jioni na vumbi la barabara kwenye kope, akakaa kwenye benchi, akaondoka. Ikawa hivyo mpaka mchana mmoja, saa ya kuona wagonjwa, alipokuja amevaa shati la kwenda ibadani, na mama yuko naye, ameshika chupa ya uji.

Mama alimsalimu Fundi, akampa pole ya ugonjwa kwa maneno yake, akaketi kwenye kiti pekee. Nyapara alibaki amesimama mwisho wa kitanda, pale ambapo shuka lilikuwa tambarare upande mmoja.

"Mama," alisema, "nilitoa neno kwamba akiumaliza mlima kwa miguu yake nitakuja kwako nimsemee. Hakuumaliza kwa miguu yake. Lakini mtu aliyekaa kule peke yake bila koti, mguu umevunjika, na asubuhi akanisalimu, mimi sina tena kipimo cha kumpimia. Namsemea. Ni wetu."

Tatu alikuwa akimimina uji kikombeni. Machozi yalimtoka, akayaacha. Ndilo neno alilolitaka; ndilo alilolipandia mlima.

Mama aliinama mbele. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na utaratibu ulitaka mwenyewe aulizwe. "Mwanangu, umemsikia kaka yako. Pamoja na yote yaliyotokea, bado unamtaka binti yetu?"

Fundi aliliweka swali mapajani. Alikuwa akilitazama pindo.

"Anataka, mama," Tatu akasema.

Hakuna aliyecheka. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Fundi aliendelea kutazama mikono yake mpaka mama akafikiri labda hakusikia, akataka kurudia, ndipo akaanza kusema, polepole, bila hasira yoyote. Pengine hasira ingekuwa nafuu.

"Kaka aliniuliza njiani kama niliita, na sikupata nafasi ya kumjibu. Sikuita. Niliteleza mara tu Tatu alipoondoka. Nilikuwa chini pale, nilimsikia kaka anaanza, moja, na mbili, na tatu. Nilivuta pumzi niite. Nikasikia nimeshaitika."

Nyapara alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani.

"Nikasema labda ataacha," Fundi aliendelea. "Kwenye mianzi nikavuta pumzi tena. Nikasikia nipo tena, nipo mbele huko, nakwenda na nyinyi. Na kama ningeita, kaka angejua kwamba amekuwa akidanganywa. Nikaona nimwachie Tatu aendelee. Mara ya tatu ilitoka mbali, na baada ya hapo ulikuwa mto tu. Usiku nilifikiri sana, mama. Sikufikiria mguu. Nilifikiria ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza kitu nikajibu mimi. Sikuikumbuka."

"Fundi," Tatu akasema.

"Anataka, ndivyo alivyokwambia, mama. Sasa naomba nijibu mwenyewe." Alimgeukia mama, uso wake ule ule wa upole. "Hapana. Simtaki. Nawashukuru."

Mama alifunga kifuniko cha chupa ya uji, akakikaza, akakikaza tena. Kisha alimtazama binti yake, akasubiri aseme lake. Nyapara naye alimtazama. Fundi alimtazama pia, akimpa muda. Tatu alisimama na kikombe mkononi, midomo imeachana kidogo, akaitafuta sauti yake kati ya zote alizozijua, na hakuipata.